Fundi wa Gia na Watani wa Kinole

Mwinjuma alikuwa fundi wa gia, na hakuwahi kuendesha gari maishani mwake.

Gia zake zilikuwa za gemu. Miaka ile nchi ilipofungua milango ya biashara, kilichotupwa Ulaya kilishuka bandarini Dar es Salaam: nguo, friji, magodoro yenye madoa ya watu wasiojulikana. Zikaja na kompyuta za nyumbani. Zilikuwa kuukuu, nene kama mkate wa boflo, unazichomeka kwenye televisheni na gemu linaanza. Mikidadi, mfanyabiashara wa Morogoro mjini, alizinunua kwa fungu akafungua ukumbi nyuma ya soko.

Kila kompyuta ilikuwa na kijiti cha kushika, kimesimama juu ya kiboksi. Ukikilaza kushoto, ndege inakwenda kushoto. Ukikilaza kulia, inakwenda kulia. Wenyewe walikiita jostiki. Vijana wa ukumbini wakakiita gia, na jina likashika.

Gia hizo zilikuwa zimechoka tangu huko zilikotoka. Vijana wa Morogoro wakazimalizia. Walizinyonga kama mtu anayekamua blanketi. Zilikufa upande wa kulia kwanza, maana katika gemu nyingi safari ni ya kulia. Ndani mna vibati vyembamba vya kugusana, vikichoka, havigusani. Mna na shina la plastiki. Likipasuka, kijiti kinacheza kama jino la mtoto.

Mwinjuma alizifufua. Shina alichonga kwa mti wa mpera, usiovunjika ovyo. Vibati alikata kwenye shaba ya tochi mbovu. Mpira wa kurudisha kijiti katikati aliukata kwenye soli za viatu vya kushoto.

Viatu vya kushoto alikuwa navyo gunia zima. Zamani alikuwa kiwandani, kiwanda cha viatu, akitengeneza mashine za kushonea soli. Serikali ilipojitoa, mnunuzi hakuonekana, geti likafungwa. Wafanyakazi waliambiwa haki zao zitafuata. Wakati wakingoja, waligawiwa viatu vilivyobaki ghalani. Vilivyobaki vilikuwa vya mguu wa kushoto. Vya kulia hakuna aliyejua vilikokwenda.

"Wametuona sote viwete," alisema Abeid, jirani yake, aliyekuwa naye kiwandani. Abeid aliviuza kwa watu wa kuwashia moto. Mwinjuma akavihifadhi. Mkewe Maimuna alimcheka mwezi mzima, halafu gia zikaja, akaacha kucheka.

Walikaa Bigwa, chini ya mlima. Nyumba aliijenga Mwinjuma mwenyewe, matofali alichoma mwenyewe, bati alinunua siku za kiwanda. Kiwanja kilikuwa cha ukoo wa Maimuna. Kwa Waluguru ardhi inakwenda kwa mama. Mwanamume akioa huko ni kama njiwa juu ya paa la mtu: atakaa, ataimba, paa si lake. Wangekuwa na watoto, watoto wangemshikia mahali pake. Walizaa mmoja. Hakufika kutambaa.

Katika gia, gundi ndiyo kazi. Ilikuja katika mirija miwili. Unachanganya, unapaka, halafu unabana. Ukibana kwa chuma, plastiki inapasuka. Kwa hiyo Mwinjuma alibana kwa viganja. Joto la mwili liliifanya gundi ikamate upesi, na viganja vilijua wapi pa kukaza na wapi pa kulegeza. Alikaa barazani hivyo, mikono imefumbatana, watu wakipita njiani wanamwambia, "Fundi, dua gani hiyo isiyokwisha?"

"Naomba mwende zenu," alijibu.

Jioni Maimuna alibana naye. Huyu hili, yule lile. Hawakuwa watu wa maneno mengi. Wakibana, walizungumza.

Masika moja Maimuna akashikwa na kifua. Walikwenda hospitali wakarudi na dawa, wakaenda tena wakarudi na nyingine. Homa ilishuka asubuhi ikapanda jioni. Alikonda mpaka pete ikawa inavuka kidole yenyewe. Kitanda chake kilikuwa nyuma tu ya ukuta wa baraza, dirisha wazi, wanasikiana.

Idi ya Kuchinja ilikuwa inakuja. Sikukuu ndiyo mavuno ya ukumbi. Mikidadi akaleta gia zake zote, zote zimekufa kulia. Mwinjuma alitaka kukataa.

"Chukua," Maimuna alisema dirishani. "Dawa tunanunua kwa majani ya mgomba?"

Akachukua. Jioni moja Maimuna aligonga ukuta.

"Lete hiyo unayobana."

"Ya nini?"

"Mikono yako ya baridi. Mimi nina moto wa bure, unapotea."

Alimpa. Maimuna aliifumbata kifuani, chini ya shuka. Ikakamata upesi kuliko zote. Tangu siku hiyo akawa anadai. Mwinjuma akichelewa, ukuta unagongwa.

"Unachoka," Mwinjuma alimwambia.

"Kulala bure ndiko kunachosha. Hujawahi kuugua wewe, hujui."

Siku nyingine alikuwa ameshika gia, macho yamefumba, pumzi inakwaruza. Mwinjuma akaogopa, akamwita mara mbili. Maimuna akafungua jicho moja.

"Usiogope. Sifi mpaka gundi ikauke."

"Basi nitapaka nyingine juu yake."

"Paka. Wenzako wanazuia wake kwa kanga, wewe kwa gundi."

Walicheka. Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Mwinjuma akamshikia beseni. Tangu hapo maneno hayo yakawa yao. Asubuhi akiamka, kabla ya salamu, alimwuliza mumewe gundi imekauka au bado.

Alikufa alfajiri, Idi haijafika. Gia moja ilibaki kitandani. Katika purukushani ya msiba hakuna aliyeikumbuka.

Walimzika uani, nyuma ya nyumba, kando ya migomba, walikolala mama yake na bibi yake.

Jioni ya maziko, Rehani alimwita Mwinjuma kando. Rehani ni kaka wa marehemu, msemaji wa ukoo, mtu wa sauti ndogo. Hakuwahi kugombana naye.

"Pole, shemeji."

"Nimeshapoa."

"Nyumba hii unajua iko kwa nani."

"Najua."

"Mke akifa, mwanamume hufunga mizigo. Hatumfukuzi mtu, ila ndivyo tulivyokuta. Kwako tumesema tungoje kidogo, umekaa nasi vizuri. Siku ya kuanua tanga wazee watakaa. Dada wa Kisaki yuko njiani. Neno lake ndilo zito. Wewe unataka nini?"

"Kukaa na kaburi lake."

"Hilo tu?"

"Sina jingine."

Rehani akaitikia kwa kichwa, akaonekana kuridhika. "Basi kaa vizuri mpaka siku hiyo. Na watani wa Kinole watakuja. Waonyeshe moyo."

Dada wa Kisaki alikuwa Chausiku, binti wa mama mkubwa wa Maimuna. Mama yake Maimuna alipokufa, yeye ndiye aliyemlea mtoto. Aliolewa Kisaki, mbali kule relini, kabla Mwinjuma hajafika Bigwa. Alituma salamu, alituma samaki wa kukaushwa, yeye mwenyewe hakuja. Mwinjuma alikula samaki wake miaka yote, sura yake hakuijua.

Watani aliwajua kidogo. Mkubwa wao, Bartholomeo, mkulima wa Kinole, alikuja mara moja kumwona mgonjwa, akakaa kimya kitako cha saa nzima, akaenda zake. Wenzake huja naye kundi, wanaume kwa wanawake, hujui nani na nani.

Abeid akamkalisha chini akamfundisha.

"Ukinuna, umekwisha. Mtani atakutukana mbele ya watu. Akisema umeiba, wewe sema umeua. Akishika kitu chako, mrushie sarafu akirudishe. Wazee hawamtazami mtani, wanakutazama wewe. Ukikasirika watasema una jambo na marehemu."

"Na nikilia?"

"Kalilie chooni."

"Watavaa nini?"

"Nguo za marehemu, wakizipata. Watajiita mama yake, watajiita dada yake. Msiba wa mjomba wangu walimlaza mbuzi kitandani pa marehemu, wakamwuliza shangazi mbona leo mumeo ana haya. Shangazi akasema, leo kaoga. Watu walicheka mpaka wakasahau kilichowaleta. Shangazi yupo kwenye nyumba ile mpaka leo."

Mwinjuma alishika somo. Siku zile, amelala mkekani kati ya wanaume waliokoroma, alijitungia matusi yake mwenyewe. Aliyapanga kama anavyopanga vibati. Alijitukana kwa uvivu, kwa uchoyo, kwa viatu vya kushoto. Kila tusi alilipatia jibu kubwa kuliko tusi.

Siku ya kuanua tanga mvua ilianza mapema. Lori lilishuka kwa barabara ya mlimani, ile ile inayoleta watu wa Kinole na wa Kisaki. Alishuka mwanamke mmoja mrefu, mtu mzima, amelowa mpaka kwenye mifupa. Ndiye Chausiku. Wanawake walimpokea kwa mlango wa uani, wakamvua nguo mbichi, wakampa kanga kavu. Zilizokuwa karibu zilikuwa za Maimuna. Mwinjuma hakuona lolote. Alikuwa barazani mbele, na wanaume.

Chausiku alilia kaburini, halafu akaomba ajinyooshe pale alipolala mdogo wake. Aliweka kichwa kwenye mto. Kitu kikamchoma. Akapitisha mkono chini yake, akatoa gia.

"Hiki nini?"

Mwanamke jirani akamwambia alichokiona dirishani, bila chumvi. Ni kazi ya mume. Marehemu alikuwa akipewa azishike. Hata homa ikiwa juu? Hata ikiwa juu. Mpaka lini? Mpaka mwisho.

Chausiku akatoka na gia mkononi, akapita sebuleni, akaingia barazani katikati ya wanaume bila hodi.

Mwinjuma aliinua macho. Mwanamke asiyemjua, amevaa kanga za mkewe, amekamata gia kama mwiko. Mwanamke gani mwingine huingia kwa wanaume hivyo siku ya tanga? Moyo wake ukatulia. Watani wamefika. Alimtafuta Abeid kwa macho. Abeid alikuwa kwenye masufuria ya pilau, nyuma ya choo, anapigana na kuni mbichi.

"Hii ya nani?" Chausiku aliuliza.

"Yangu," alisema Mwinjuma, tayari anatabasamu.

"Nimeikuta chini ya mto wa marehemu."

"Hapo ndipo penye ghala langu."

Mtu mmoja akakohoa.

"Alikuwa anafanya nini nayo?"

"Kazi. Nyumba hii hakuna anayelala bure. Hata wagonjwa wana zamu."

"Mgonjwa wa kifua?"

"Kifua ndicho chenye moto. Mkaa umepanda bei."

Chausiku akasogea. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Mwinjuma akaona huo ni ufundi, akasema moyoni huyu ni bingwa, si wa mchezo.

"Mdogo wangu anakata roho, wewe unampa kazi?"

Abeid alisema watajiita dada. Mwinjuma akaacha yote aliyoyatunga. Akatoa lile lililokuwa lao wawili, kama mtu anavyomtolea mgeni kikombe kisichotumika kila siku.

"Nilimwambia asife mpaka gundi ikauke. Kafa ikiwa mbichi. Kanitia hasara."

Mvua tu ndiyo iliyolia juu ya bati.

Alidhani wanangoja sarafu. Akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akaitoa, akaitupa miguuni pa yule mwanamke. Ilibiringika ikagonga ukuta.

"Haya, bibi, nirudishie. Wateja wananingoja Idi."

Rehani alisimama. Alikwenda polepole akaiokota ile sarafu, yeye mwenyewe, mtu wa heshima zake, akaishika kiganjani kama kitu cha moto.

"Shemeji," alisema kwa ile sauti ndogo. "Huyu ni dada. Dada wa Kisaki."

Mwinjuma alisikia. Tabasamu lake lilibaki usoni. Lilikataa kuondoka. Hilo nalo walilikumbuka baadaye.

"Nilidhani mtani," alisema.

"Nina sura ya mtani mimi?" Chausiku aliuliza. "Yule nimemnywesha uji kwa mkono huu."

"Nisamehe, dada. Shikamoo."

Hakuitika.

"Nijibu sasa, kama si utani. Gia ilikuwa chini ya mto wake?"

"Ndiyo."

"Aliishika ana homa?"

"Aliitaka mwenyewe. Alisema—"

"Aliishika ana homa?"

"Ndiyo."

"Na hayo maneno ya gundi, uliyasema?"

"Aliyasema yeye. Tulikuwa tunacheka."

"Alikuwa anacheka," Chausiku aliwaambia wazee. "Anakufa kwa kifua, anacheka."

Abeid alikuja mbio, upawa mkononi, jasho na masizi usoni. "Jamani, kosa langu. Mimi ndiye niliyemfundisha ajibu hivyo. Alidhani mtani, wallahi."

"Ulimfundisha na kumfanyisha kazi mgonjwa?" Chausiku alimwuliza.

Abeid akautazama upawa wake. Pilau lilikuwa linaungua, akarudi kwenye pilau.

Hapo hapo filimbi ikalia njiani. Watani wa Kinole walikuwa wamekwama matopeni, wameliacha gari, wametembea. Hawakujua lililotokea. Bartholomeo alitangulia, gauni la kike juu ya suruali, sufuria kichwani, rozari shingoni. Hakusalimu mtu. Alijitupa kizingitini, akajilaza chali, akaanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi cha Maimuna. Kile kile, na ule mkwaruzo wa mwisho. Saa ile aliyokaa kimya kwa mgonjwa alikuwa anakipima.

"Mume wangu," aliita kwa sauti nyembamba. "Niletee maji." Akageuza shingo, akajijibu kwa sauti nene: "Ngoja, nabana." Akakohoa. "Mume wangu, nakufa." Akajijibu: "Kufa polepole, kesho Idi, vijana watapandia nini ndege?"

Baraza zima likacheka. Lile la kwanza lilikuwa limewabana, sasa wakafunguka. Wanawake dirishani walishikana mabega. Rehani mwenyewe aliinamisha uso na mabega yakamcheza. Chausiku peke yake hakucheka, lakini alikaa chini.

Wakamgeukia Mwinjuma. Ilikuwa zamu yake. Neno moja lingetosha, la kijinga, lolote. Wengine walikuwa tayari wamefungua midomo kumsaidia kucheka.

Mwinjuma alikuwa anasikiliza kikohozi.

"Nyamaza," alisema.

Bartholomeo akadhani ndiyo mchezo umekolea. Akakohoa tena, akajikunja, akatoa ulimi. "Gundi kwanza, mke—"

"Nyamaza, mbwa wewe."

Akainuka akaipiga teke ile sufuria. Ilimtoka Bartholomeo kichwani, ikaenda ikilia mpaka kwenye matope.

Hakuna aliyecheka. Bartholomeo alikaa kitako. Alijishika sikio, akatazama vidole kama vina damu. Halafu akaanza kuvua gauni, kifungo kimoja kimoja, mbele ya watu. Alilikunja vizuri.

"Nimetembea matopeni kutoka huko juu," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Kwa ajili yako."

Pilau lililiwa. Wazee walikaa baada ya pilau. Hawakukaa sana. Rehani ndiye aliyeleta jibu, Mwinjuma akiwa peke yake mbele ya meza yake ya kazi.

"Wa kucheka naye umemtukana. Wa kumwinamia umemrushia sarafu. Wazee wanasema moyo wako hawakuuona."

"Wauone vipi?"

"Siku ya kuuona ilikuwa leo, shemeji."

Akamrudishia sarafu yake.

Asubuhi yake Bartholomeo alimwogesha, maana kumwondolea mfiwa ukiwa wake ni kazi ya mtani, na tusi la jana haliondoi kazi hiyo. Alimwagia maji ya baridi kutoka kichwani. Alimsugua mgongo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Ungenijibu neno moja," alisema akimsugua. "Mimi nina haki ya kulala kwenye mlango wa watu hawa nikasema siondoki mpaka huyu abaki. Hawana la kunifanya. Nilikuja na nia hiyo. Hata mkeka wa kulalia nilibeba."

Mwinjuma alijifuta maji machoni.

"Inama," Bartholomeo alisema. "Kichwa bado."

Mwinjuma aliondoka na sanduku la vyombo na gunia la viatu. Walimpa unga wa njiani. Walikuwa watu wa adabu.

Mikidadi alimruhusu alale ukumbini, chini ya televisheni. "Ila usiguse mashine, fundi. Ukizoea utaanza kucheza." Habari ya Bigwa ilikuwa imemtangulia kushuka mjini. Idi ilipofika ukumbi ulijaa, gia zikaenda kulia vizuri, kijana mmoja ndege yake ikashika moto.

"Usife mpaka gundi ikauke," mwenzake akamwambia.

Ukumbi ukacheka. Tangu siku hiyo likawa neno la pale. Anayekaribia kufa kwenye gemu, anaambiwa hivyo. Anayechelewesha zamu, hivyo. Mpaka wauza karanga wa nje walilijua. Vijana hawakuwa na ubaya na Mwinjuma, walimpa shikamoo yake kila asubuhi. Yeye alikaa pembeni na gia kifuani, anasikia maneno ya mkewe kwa siku moja mara nyingi kuliko mkewe mwenyewe alivyowahi kuyasema. Hakumwambia mtu ni ya nani. Angeambiwa nini?

Abeid akamletea taarifa ya hitima ya arobaini. "Hawakukuita," alisema, "lakini hitima haina mwaliko."

Mwinjuma alifua kanzu. Alikwenda Bigwa kwa miguu, akaketi ukingoni mwa mkeka, kati ya watu waliofuata pilau. Meza yake ya kazi haikuwepo. Vipande vyake aliviona vinawaka chini ya sufuria. Ukuta wa baraza ulikuwa umepakwa chokaa mpya. Chausiku hakurudi Kisaki. Masika yameharibu njia, walisema, na hata hivyo nyumba ikikaa tupu inaliwa na mchwa.

Baada ya dua yeye mwenyewe alimletea sahani.

"Karibu, mgeni."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Safari hii aliitika. "Umekonda."

"Nipo."

"Kula."

Alikula kidogo. Pilau lilikuwa zuri. Chausiku hakuondoka, alikuwa amesimama kama mwenye nyumba anavyosimama kumtazama mgeni akila.

"Dada, naomba nipite uani. Nimsalimie, nirudi."

"Uani kuna wanawake."

"Nitangoja watoke."

"Wakitoka wataingia wengine. Ni nyumba ya watu hii, shemeji. Mgeni huishia barazani." Hakulisema kwa ukali. "Dua tumemwombea, imemfikia. Kula, litapoa."

Mwinjuma alitazama sahani. Akiacha chakula kwenye hitima ya mkewe, wangesema. Akala mpaka akaona maua ya sahani. Chausiku akaipokea.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, dada. Nashukuru."

Alisimama kutafuta viatu vyake kwenye viatu vya watu. Toka pale alipoinama, mlango wa sebule ulikuwa wazi, na mlango wa uani nyuma yake wazi pia. Aliona kamba ya nguo. Aliona jani la mgomba, na kisigino cha mwanamke aliyekaa chini. Akainama zaidi kidogo.

Mtu mmoja ndani akaurudisha mlango, kwa sababu ya moshi.